Karatasi Tatu za Kitabu cha Nyimbo

Kikao kilichomfukuza Leonidasi kwenye kwaya yetu hakikufikia hata muda wa kuchemsha chai, na aliyeandika kumbukumbu zake ni mimi, mtu pekee mle chumbani aliyejua kwamba hakuwa na kosa. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Kichwa cha kumbukumbu nilikipigia mstari kwa rula. Agenda ya pili ilikuwa "Uharibifu wa gitaa la nyuzi kumi na mbili", na chini yake niliandika maneno matano: Fundi hakutoa maelezo ya kuridhisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa kwaya, na watu wa Kasulu walikuwa wakinisifu kwamba sina makosa kwenye karatasi.

Nisingeandika haya kama tusingemzika Mzee Yeremia mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwaya na mzee wa kanisa, na mwaka ule nilikuwa mpangaji nyumbani kwake. Nilisafiri kutoka Singida siku mbili kwenda kumzika. Tulipotoka makaburini tulikaa chini ya turubai, tukapewa wali na maharage, na nyuma yangu walikuwa wamekaa akina mama watatu wa sauti ya pili, sasa ni mabibi. Hawakuniona. Mmoja akasema, "Mnamkumbuka yule Mrundi wa gitaa?" Mwingine akajibu, "Si yule aliyelifanya lilie kama nyuki ndani ya debe, mbele ya mgeni rasmi?" Wakacheka, na wa tatu akawaambia wapunguze, wako msibani, kisha naye akacheka. Kijiko changu kilikuwa mkononi. Miaka karibu thelathini imepita, Leonidasi amebaki kichekesho cha msibani, na kichekesho hicho nilikitengeneza mimi. Sikugeuka. Nilimaliza wali wangu, nikanawa, nikaenda kuuliza basi la Kibondo linaondoka saa ngapi.

Nilifika Kasulu mwaka ule mwezi wa kwanza, kwa barua ya ajira, nikiwa na sanduku la bati na godoro. Mzee Yeremia alinipa chumba cha uani, chenye dirisha la mbao lisilofunga vizuri na harufu ya muhogo uliokuwa ukivundikwa upande wa pili wa ukuta. Asubuhi kulikuwa na baridi ambayo sikuitarajia, na nilizoea kunywa uji nimejifunika kanga mbili. Jioni tulikula ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku za bahati ndagaa. Mama Yeremia, mkewe, alikuwa mwanamke mpana mwenye ulimi mwepesi, na alinifundisha Kiha kidogo kidogo kwa kunicheka. Nikikosea alikuwa akiwaita majirani waje wasikie. Sikuumia. Nilikuwa mgeni, na kuchekwa ndiko kulikonifanya niwe mtu wa pale.

Gitaa lilikuja mwezi wa tatu, zawadi ya wageni waliotembelea dayosisi wakaondoka. Lilikuwa na nyuzi kumi na mbili, zimepangwa jozi sita. Mama Yeremia alilitazama mezani akauliza, "Kumi na mbili za nini, vidole si vitano?" Lilikuwa zuri kulitazama na halikupigika. Nyuzi zilikuwa juu mno ya shingo, penseli ilipita chini yake katikati. Wapiga gitaa wetu wawili walijaribu, wakaonyesha vidole vilivyokatwa, wakarudi kwenye gitaa letu la zamani. Mzee Yeremia aliliweka kabatini sebuleni, na ufunguo wa kabati akanipa mimi, kwa sababu mhuri na daftari la kwaya vilikuwa humo. Wiki chache baadaye alimleta Leonidasi.

Leonidasi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, anayetembea kama aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Mke wake na binti yake wa miaka tisa walikuwa kambini, upande wa Kibondo. Yeye alifanya useremala nyuma ya karakana moja ya kuchomelea vyuma, pale Kasulu mjini. Mkimbizi hakuruhusiwa kukaa nje ya kambi bila kibali, na kibali chake kilisimama juu ya barua ya mtu mmoja wa kumdhamini. Mtu huyo alikuwa Mzee Yeremia. Kila miezi mitatu mzee aliandika barua, mimi niliipiga mhuri wa kwaya, na Leonidasi akaendelea kuwa na benchi lake, randa yake, na mahali pa kufanya kazi yake ya mikono. Hilo nililijua vizuri. Narudia kwa makusudi: nililijua vizuri.

Alilishika gitaa, akafunga jicho moja, akatazama shingo kutoka kichwani kama anayetazama ubao kama umenyooka. "Hili si la kupiga," akasema. "Ni la kuanikia nguo."

"Linapona?" Mzee Yeremia akauliza.

"Linapona, mzee. Lakini buhoro buhoro. Ukilikimbiza linakufa."

Alifanya kazi sebuleni kwetu, jioni, kwa sababu Mzee Yeremia hakutaka gitaa litoke nyumbani. Nami nikirudi shuleni nilikaa meza ile ile, nikisahihisha madaftari kwa macho na kumsikiliza kwa masikio, mpaka siku moja akasema, "Mwalimu, weka kalamu uangalie, umesahihisha daftari moja mara mbili." Kuanzia hapo nikawa nauliza waziwazi. Aliteremsha kwanza mfupa wa chini, ule mwembamba uliopo kwenye tumbo la gitaa ambao nyuzi zinaupanda kabla ya kuelekea shingoni. Alilaza karatasi ya msasa juu ya kioo, akautelezesha mfupa juu yake, akaurudisha, akapima, akautoa tena. Kisha akahamia mfupa wa juu, kule kichwani, wenye mifereji kumi na miwili ambamo kila uzi unalala. Ule wa asili ulikuwa wa plastiki na umepasuka. Akachonga mwingine kwa mfupa wa ng'ombe aliouchemsha mara tatu na kuuanika juu ya paa la karakana, mbali na mbwa.

Mifereji ndiyo kazi yenyewe. Hakuwa na tupa za kazi hiyo. Alitumia sindano zenye meno ambazo wachomeleaji husafishia matundu ya mdomo wa gesi, kila moja na unene wake, nyembamba kwa uzi mwembamba, nene kwa uzi mnene. Katika jozi nne uzi mnene unalala pamoja na mwembamba wenye sauti ile ile lakini ya juu, na mifereji yao lazima itofautiane kina. "Mkubwa na mdogo wako kitanda kimoja," aliniambia. "Mdogo akizama, kidole chako kinamkanyaga mkubwa peke yake, mdogo anabaki analalamika." Alichimba mfereji kwa kuuinamisha upande wa nyuma, ili uzi uagane na mfupa pale mbele kabisa. Alisukuma sindano mara tatu, akaupuliza unga, akakaza uzi, akapima. Kupima kwenyewe kulikuwa hivi: kati ya uzi na kile chuma chembamba cha kwanza kinachokatiza shingo aliingiza vipande vya karatasi.

"Tatu," akasema. "Karatasi tatu za kitabu cha nyimbo. Zipite bila kusukumwa. Ya nne ikwame. Ukizidisha, unaumia vidole. Ukipunguza, uzi unagonga chuma, unalia."

Niliandika hilo. Nilikuwa na tabia hiyo, nikisikia kipimo nakiandika. Nilichora mfupa kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la maandalio, mifereji kumi na miwili, kila mmoja na namba, na kando nikaandika: karatasi 3, kitabu cha nyimbo. Leonidasi aliuona mchoro akacheka kimya. "Mwalimu ataninyang'anya kazi," akamwambia Mama Yeremia aliyekuwa anapita na sinia. "Achukue," Mama Yeremia akajibu, "labda ataacha kuunguza maharage yangu."

Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Kanisa jipya lilikuwa linawekwa wakfu, wageni wanatoka mbali, na Mzee Yeremia alikuwa amekwisha kuwatangazia kwamba kwaya yake itapiga gitaa ambalo halipo mkoa mzima. Alikuwa amesema pia, na nilimsikia akisema sebuleni kwa mchungaji, "Watu wananiuliza kwa nini namdhamini Mrundi. Siku hiyo watasikia kwa nini." Jumatano ya wiki hiyo Leonidasi aliitwa kambini kuhesabiwa. Asipokuwapo kwenye hesabu, familia yake inakatwa mgao. Mifereji minane ilikuwa tayari. Minne ya mwisho aliiacha juu kidogo, akasema nyuzi zizoee kwanza, mfupa mbichi hushuka wenyewe. Akakaza nyuzi zote sauti nzima chini ya kawaida ili shingo isivutwe. "Jumamosi nitarudi, nitamaliza. Mwalimu, usiliguse."

Nililigusa Alhamisi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si zuri: lilinikera kuona kazi haijamalizika wakati kipimo ninacho. Nilifungua kabati, nikachukua sindano zake zilizokuwa zimefungwa kwenye kitambaa, nikachana ukurasa mmoja mtupu wa mwisho wa kitabu changu cha nyimbo, nikaukata vipande vinne. Nikapima ile minne. Iko juu, kama alivyosema. Nikapima ile minane aliyokwisha kuimaliza, nayo ikawa juu, yote, kwa kipimo chake mwenyewe. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kumkuta na kosa. Nikakaa nayo Alhamisi yote baada ya shule na Ijumaa, mfereji mmoja mmoja, nikiweka alama ya vema kwenye mchoro, mpaka vipande vyangu vitatu vikapita chini ya kila uzi bila kusukumwa na cha nne kikakwama. Nililipapasa kwa kidole gumba, taratibu, ili wasinisikie nje. Lilikuwa laini kama siagi. Nikalirudisha kabatini nikafunga, na sindano nikazifunga kama zilivyokuwa.

Jumamosi Leonidasi hakuja. Hesabu ilichelewa, lori likaharibika. Alifika Jumapili asubuhi, suruali ina vumbi mpaka magotini, kanisa limejaa, na Mzee Yeremia akamkabidhi gitaa mlangoni kwa sababu Leonidasi ndiye pekee aliyeweza kulipiga kwa nguvu inayotosha kanisa zima. Alilikaza haraka kwa kusikiliza kinanda, akalipandisha, akapiga.

Sauti iliyotoka sitaisahau. Kila uzi usioshikwa uligonga chuma cha kwanza, na zikiwa kumi na mbili kwa pamoja, ndani ya kanisa lenye bati jipya, kweli lililia kama nyuki ndani ya debe. Mtu mmoja mbele alicheka, kisha watoto. Leonidasi alisimama. Akakigeuza kichwa cha gitaa kuelekea dirishani, akautazama mfupa kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Halafu akapiga tena, polepole, akishika nyuzi juu zaidi shingoni ambako kelele ilipungua, na tukaimba wimbo mzima hivyo, tukiwa tumepotea sauti, mgeni rasmi akitazama viatu vyake. Mzee Yeremia alikuwa ameketi karibu na madhabahu. Alikuwa amevaa suti mpya.

Kikao kilikaa jioni ile ile, sebuleni, watu saba. Chai ilikuwa jikoni. Mtu mmoja wa sauti ya nne, ambaye simtaji kwa kuwa bado yupo, alisema Mrundi ametoa mfupa wa asili akauweka kwenye gitaa lingine, akatupachikia mfupa wa mbwa. Mwingine akasema, "Hawa ukiwapa mkono wanataka bega." Mzee Yeremia alimtazama Leonidasi, na niliona anaomba kwa macho apewe neno lolote la kusimamia.

"Nilipoondoka halikuwa hivi," Leonidasi akasema. "Nani aliligusa?"

Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, kwenye uzi, ndani ya blauzi.

"Aliyefanya hivi," akaendelea, "amefanya kwa makini sana. Mifereji yote kina kimoja. Si mtu wa kuharibu." Hakunitazama. Nimelirudia jambo hilo kichwani miaka yote hii na nina hakika nalo, hakunitazama hata kidogo. "Nipeni siku moja. Mfupa mwingine upo. Kesho jioni linalia vizuri."

"Kesho wageni watakuwa wamekwisha kuondoka," mtu wa sauti ya nne akasema.

Nilikuwa na nafasi hapo. Haikuwa nafasi finyu. Mtu alikohoa, Mama Yeremia akaingiza sinia la vikombe, akaona nyuso, akarudi nalo. Ningeweza kusema, "Ni mimi." Wangenicheka, kama walivyonicheka kwa Kiha changu. Nilikuwa mwalimu wa serikali, mtoto wa nyumbani pale, hakuna ambacho ningepoteza ila sifa ya kutokosea. Lakini nilikuwa naamini bado kwamba nilipima sawa, na kwamba kosa fulani la zamani lilikuwa lake, na juu ya imani hiyo nikaegemeza ukimya wangu. Nikaandika. Maneno yake kuhusu umakini sikuyaandika. Ombi lake la siku moja sikuliandika. Mzee Yeremia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba barua ijayo hatatoa, na hilo niliandika.

Leonidasi aliondoka mwezi wa tisa, kibali kilipokwisha. Alipita nyumbani kuchukua vitu vyake kabatini na nilimfungulia mimi. Alichukua sindano. Kitabu chake cha nyimbo alikisahau, au alikiacha. Kilikuwa cha Kirundi, kimetengenezwa kambini kwa mashine ya kudurufu, na wino wake ulichafua vidole. Sikukifungua mpaka baada ya wiki mbili, siku nilipokuwa nasafisha kabati. Karatasi zake zilikuwa nene, zenye nyuzinyuzi, kama za bahasha. Nilichana moja, nikaikata vipande vitatu, nikaviweka kando ya vitatu vya kitabu changu, ambacho kilichapwa kwa karatasi nyepesi kama ya Biblia, ile inayoonyesha maandishi ya upande wa pili. Vyangu vitatu havikufikia unene wa viwili vyake. Alipima kwa kitabu chake, mimi nikapima kwa changu, na wala halikutujia wazo kwamba kuna vitabu viwili. Niliketi sakafuni. Mama Yeremia alipita akaniuliza nimeona nini, nikasema mende.

Hata hapo sikusema. Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho kwa sababu za kifamilia, na nilipewa.

Basi la Kibondo baada ya msiba lilinishusha karibu na soko. Niliuliza sokoni, na sikupata shida kumpata Esperansi, binti wa Leonidasi. Ana kibanda cha vitenge, ni raia wa Tanzania sasa, ana sauti kubwa na wateja wanaomwogopa kidogo. Nilijitambulisha. Akanipa kigoda, akaendelea kukunja vitenge, na mimi nikasema yote kwa mpangilio, kitabu, karatasi, ufunguo, kikao. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya basi. Nilipomaliza akamhudumia mteja mmoja, akampimia, akamkatia, akamtania kuhusu mumewe. Kisha akarudi kwangu.

"Baba alijua kuwa ni wewe?"

"Sijui, dada."

"Basi umekuja kuniambia jambo ambalo nusu yake hulijui." Alisema bila hasira. "Sisi tulidhani kweli aliharibu. Mama alimgombeza. Alimwambia, umepewa mahali pa kukaa ukashindwa kutunza. Yeye akawa anaitikia ndiyo tu. Ego, ego, basi."

Niliuliza kama mama yake yupo. Akasema yupo, mzee, anaishi naye, na hataniruhusu nimwone. "Ukimwambia aligombeza mtu asiye na kosa, atafanyaje? Utakaa naye wewe?" Aliniwekea chai. Ilikuwa na maziwa mengi na niliinywa yote kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Halafu akanieleza lililofuata, kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kulieleza kwenye ofisi nyingi. Kule kambini Leonidasi hakuwa na benchi wala kazi. Alikaa miezi. Watu walipoanza kuandikishwa kurudi kwao kwa hiari, akajiandikisha peke yake, atangulie kuona kama shamba bado lipo, kisha aite familia. Alipanda lori asubuhi, akiwa na begi la zana. Esperansi aliliona lori likiondoka. Tangu hapo mama yake ameuliza kila mahali panapoulizwa, na mara mbili walionyeshwa karatasi. Kwenye orodha ya waliopanda jina la baba yake lipo, na lina alama ya vema pembeni. Kwenye orodha ya waliopokelewa upande wa pili wa mpaka, siku ile ile, lori lile lile, halipo.